Kiti cha Mwalimu Breki

Siku ya mwisho ya maonyesho yake, Msanii aliamka mzima wa mwili na huru wa moyo, na habari hiyo akampelekea dada yake mkubwa jikoni kabla hata dada hajaiulizia.

"Yule mtu amenitoka, Dada. Ametoka na virago vyake vyote, na mlango nimeufunga mimi mwenyewe. Kwangu sasa hivi ni malighafi tu."

Dada alikuwa anapiga pasi sare yake ya kazini juu ya meza ya kulia. Hakuinua uso.

"Malighafi ni mbao. Malighafi ni saruji. Yule alikuwa shemeji yangu."

"Alikuwa hajawa."

"Alikaa hapo hapo ulipoegemea, akanywa chai yangu, akaniambia Dada usiwe na wasiwasi. Saruji haijawahi kuniambia nisiwe na wasiwasi."

"Basi nisikilize," Msanii akasema, akitoa mswaki mdomoni ili neno litoke na uzito wake. "Leo akiingia pale nitamwangalia kama ninavyoangalia ukuta. Nitamwomba ninachomwomba, atasema ndiyo, ataondoka. Hata jasho halitanitoka."

"Haya." Dada akageuza kola, akaipitishia pasi. "Na hiyo sketi mpya ni ya kumvalia ukuta?"

Msanii akaitazama sketi yake kana kwamba kuna mtu kamvika usingizini.

"Ni ya siku ya mwisho. Watu huvaa vizuri siku ya mwisho."

"Watu huvaa vizuri, ni kweli," Dada akasema. "Mimi tu ndiye nisiyeweza kutoka. Juzi niko saluni, kichwa kimejaa povu, mwanamke ananiuliza, eti wewe ndiye dada wa yule wa kile kiti? Nikasema hapana, mimi ni mtoto wa pekee. Nikasuuzwa kimya kimya kama maiti. Lini utatengeneza kazi ambayo na sisi tunaweza kuisema saluni?"

Msanii alikuwa ameshachukua mkoba wake, yuko mlangoni, anatafuta kiatu cha pili kilichokuwa mguuni.

Msanii alikuwa wa kundi lile la wasanii wasiochora maua wala farasi. Hao huchukua maisha yao wenyewe, yale ambayo mimi na wewe huyaficha chini ya kitanda, wakayaweka katikati ya chumba cheupe, wakayamulika taa, kisha wakasimama pembeni na nguo nyeusi wakingoja uulize maana yake. Ukumbi ule ulikuwa umeshayaona mengi. Kabla yake mwanamume mmoja alitundika humo mashuka yote ya ndoa yake iliyovunjika. Siku ya pili mke wake wa zamani akaja, akayakagua moja moja, akaondoka na mawili kwa kuwa nyumbani alikuwa na upungufu. Watu walipiga makofi wakidhani ni sehemu ya kazi.

Yeye alileta kiti.

Kilikuwa kiti cha mbele cha gari bovu la shule ya udereva, upande anaokaa mwalimu, kikiwa na mkanda wake na kipande cha zulia la miguuni. Magari yale yana breki mbili, ya mwanafunzi na ya mwalimu, na mwalimu wa gari lile alikuwa mwepesi wa mguu kiasi kwamba wanafunzi walimbatiza Breki, na jina likamganda. Msanii alikwenda kwake kujifunza kuendesha. Alikuwa akiachia klachi kama mtu anayetupa chungu cha moto, gari linaruka, linazimika, na walio nyuma wanapiga honi. Breki akamwita Klachi. Alimwita hivyo kwa hasira wiki ya kwanza, kwa kicheko wiki ya tatu, na baada ya hapo akawa anamwita hivyo kwa sauti ambayo walimu wa udereva hawaruhusiwi kuitumia saa za kazi. Leseni ilipopatikana, uchumba ulikuwa umeshapatikana zamani.

Sasa uchumba ulikuwa umevunjika, na mwenye kutaka angeweza kuusikiliza. Mtazamaji hukaa kitini, huvaa spika za masikioni, kisha Breki huanza kuongea. Ni ujumbe wa sauti aliomtumia Msanii tangu mwanzo mpaka mwisho, umepangwa kwa utaratibu wake. Anaanza na kumwagiza avae viatu visivyo na kisigino, anamaliza kwa kusema ufunguo kauacha chini ya zulia la mlangoni. Watu walipanga foleni. Walitoka wamevimba macho, wakapigiana simu, wakarudi na waume zao.

Mwanamke mmoja, mkuu wa ukumbi mkubwa huko ng'ambo, alikaa pale akasikiliza, akasema kiti hicho lazima kizunguke miji mingine. Hakuna msanii wa mji ule aliyewahi kuambiwa neno kama hilo. Ila alikuwa na sharti: mwenye sauti akubali, tena kwa mdomo wake. Lori la kubeba vitu lingefika mchana wa siku ya mwisho. Msanii akamtumia Breki maneno machache yaliyokauka kama mkate wa juzi. Breki, aliyekuwa hajapokea simu yake tangu waachane, akajibu kwa maneno machache zaidi: *Nitakuja asubuhi, kabla ya watu.*

Kwa hiyo asubuhi ile Msanii alifika mapema. Alifuta vumbi, akanyoosha zulia, akapima sauti. Mama Tiketi, mwenye funguo na meza ya mlangoni, alikuwa mahali pake na kitambaa chake cha kufuma. Mbele yake palikuwa na vikombe viwili vya chai, kimoja kitupu, kingine kimejaa na hakitoi moshi.

"Anakuja lini huyo mtu wako?" Mama Tiketi akauliza.

"Si mtu wangu, mama. Ni mwenye sauti."

"Haya. Anakuja lini huyo mwenye sauti wako?"

Hakupata kujibiwa, maana mlango ulisukumwa, na mwenye sauti akawa anaingia.

Breki hakuwa mtu wa kuingia tu. Kabla ya kuvuka kizingiti chochote alitazama kushoto, akatazama kulia, kisha akageuza shingo kidogo kuona nyuma, hata kama anaingia chooni. Msanii alikuwa amewahi kumcheka kwa tabia hiyo mpaka mbavu zikamuuma. Leo alimwona akifanya vile vile, shati limepigwa pasi, kalamu mfukoni, uso umekonda kidogo chini ya macho, na akakuta macho yake mwenyewe yameganda kwenye ile kalamu. Ni yeye aliyeinunua. Akayahamisha macho. Yakarudi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu ndani. Leo huna haja ya tiketi, wewe ndiye unayesikilizwa."

Breki akatabasamu nusu. Nusu ya pili alibaki nayo alipogeuka.

"Hujambo."

"Sijambo," Msanii akasema. "Umekuja."

"Nilisema nitakuja."

"Ndiyo. Asante. Basi, kama nilivyokuandikia, wanataka tu neno lako, halafu..."

"Nisikilize kwanza," Breki akasema. "Mji mzima umenisikiliza. Nimebaki mimi."

Akakaa. Mkono wake ukaenda wenyewe kwenye mkanda, akaufunga. Akavaa spika. Msanii akabonyeza kitufe, akarudi nyuma hatua kadhaa, akafunga mikono kifuani kama wanavyofanya watu waliopona.

Hakuweza kusikia anachosikia Breki, na wala hakuhitaji. Mguu wa kulia wa mwanamume yule ulikuwa unamwambia kila kitu. Kwenye zulia palikuwa na tundu, mahali ambapo pedali ya mwalimu ilikuwa ikikanyagwa siku zote, na mguu ukalijua tundu lake. Ukagusa taratibu: hapo alikuwa kwenye *kesho usivae kisigino, klachi haina huruma.* Ukatulia: *umefika? Niambie umefika.* Ukakanyaga mara mbili za haraka: *mama anauliza kama unakula pilipili, nimemwambia wewe mwenyewe ndiye pilipili, usije ukaniangusha.* Alikuwa anajifungia breki mwenyewe. Kila alipokaribia neno tamu alilolisema zamani, mguu ulimsimamisha.

Hapo Msanii akagundua kwamba mguu wake mwenyewe, ndani ya kiatu, ulikuwa unakanyaga pamoja naye. Akauondoa uzito, akausimamia mguu wa pili.

Ilipofika mwisho, Breki alikanyaga kwa nguvu na hakuachia. Alikaa hivyo muda mrefu kuliko ujumbe wa ufunguo na zulia la mlangoni. Alikuwa anangoja kitu. Kisha akavua spika, akaziweka pajani kwa uangalifu kama anaweka yai.

"Inaishia hapo?"

"Inaishia hapo."

"Hakuna kingine baada yake?"

"Hakuna. Kwani?"

Alitazama tundu la zulia.

"Hili tundu ulilitoboa wewe. Nilikaa na wanafunzi miaka yote, zulia likiwa zima. Ukaja wewe, nikakanyaga kwa ajili yako mpaka likatoboka."

"Nilikuwa najifunza."

"Ulikuwa unaiacha barabara unanitazama mimi, ndiyo maana." Alilisema bila ubembe, kama mtu anayesoma alama za mtihani. "Unajua kwa sasa naishije? Nina mwanafunzi mmoja, mama mtu mzima, ana wajukuu. Tuko katikati ya mzunguko wa barabara, malori kulia, malori kushoto, ananigeukia, *Mwalimu, umefika? Niambie umefika.* Akaachia usukani apate kucheka."

Msanii akauma mdomo. Kicheko kilikuwa kimemfika kooni, na haikuwa saa yake.

"Cheka tu. Wote wanacheka. Mama yangu alikuja hapa, ulijua?"

"Mama alikuja?"

"Alilipa tiketi kama watu wote. Akakaa, akasikiliza mwanzo hadi mwisho. Alirudi nyumbani akaniambia, sikujua mwanangu una maneno matamu hivyo, mimi unaniambia tu mafuta ya taa yameisha na bili imekuja. Halafu akasema jambo jingine."

"Akasema nini?"

"Akasema nisije nikarudi kwako. Alisema kuna watu wakiandaliwa chakula hukipiga picha kwanza, na kwa huyo mwanamke chakula ni wewe."

Mlangoni sindano za kufumia za Mama Tiketi ziligongana, zikaacha, zikaendelea.

"Ningekuuliza kabla," Msanii akasema. "Ulikuwa hupokei simu."

"Ukaona njia rahisi ni kuniweka kwenye kiti nisiweze kukata."

"Hii ni kazi yangu. Sikusema neno baya juu yako humu. Sikuongeza wala sikupunguza. Nimeyaweka maisha yangu wazi, basi, mwenye kutaka aone."

"Maisha yako?" Breki akageuka kitini mpaka mkanda ukamkaza kifuani. "Nimesikiliza kuanzia kisigino mpaka ufunguo. Sikukusikia. Hata kikohozi. Mimi naongea, mimi nabembeleza, mimi naomba radhi, mimi naaga. Wewe uko wapi humu?"

Msanii alikuwa na jibu la swali hilo. Lilikuwa limebandikwa ukutani kwa herufi nyeusi, na wageni walilisoma wakitikisa vichwa.

"Kutokuwepo kwangu ndiko kunakonionyesha," akasema.

"Hilo liache ukutani. Hapa tunaongea watu wawili."

Msanii akauacha ukuta na herufi zake. Alimtazama. Kwenye kidevu palikuwa na mkwaruzo mdogo wa wembe, upande ule ule anaojikata akinyoa kwa haraka au kwa woga, na asubuhi ile hakuwa na sababu ya haraka. Kidole gumba cha Msanii kilikuwa kinakijua kidevu kile. Akakifumbata kidole ndani ya ngumi.

Breki akashusha sauti.

"Ya siku ile iko wapi?"

"Siku ipi?"

"Klachi." Lilimtoka bila kutarajia, wote wawili wakalisikia, na hakuna aliyelishughulikia. "Siku ya kumzika baba. Kile chumba cha nyuma kwa mama, chenye magunia. Nilikwambia twende huko kwa sababu nilikuwa nimebana tangu alfajiri mbele ya watu na nilikuwa sijiwezi tena. Nikalia. Sijawahi kulia vile. Nikainua kichwa nikaona kitaa chekundu cha kurekodi kwenye simu yako."

Ndivyo walivyoachana. Hakukuwa na mwanamke mwingine wala mwanamume mwingine. Kulikuwa na kitaa chekundu kidogo kama punje ya mtama, na mwanamume aliyefuta uso kwa mkono wa shati, akarudi kwa waombolezaji, na hakumsemesha tena mchumba wake mpaka ule ujumbe wa ufunguo.

"Mkono ulienda wenyewe," Msanii akasema. "Nilikwambia siku ile. Mkono umezoea."

"Najua mikono inavyozoea. Tazama mguu wangu. Sikuulizi kwa nini ulirekodi. Nauliza iko wapi. Tangu nisikie habari za kiti hiki nimekuwa silali, najua iko humu. Nimekaa hapa nangoja nijisikie nikilia mbele ya watu nisiowajua. Haikuja. Sasa najiuliza, unaitunzia mji gani?"

"Hakuna mji. Niliifuta."

"Wewe? Wewe hufuti kitu. Una risiti za viatu ulivyokwisha kuvitupa."

"Ile niliifuta."

"Lini?"

"Siku ile ile. Kabla hata ya kufika nyumbani." Sauti yake ilitoka sawasawa, imenyooka kama mstari wa kati wa barabara. Alijisikia, akajipa pongezi. "Haikuwa nzuri hata kwa sauti. Magunia yalimeza kila kitu."

Breki akaitikia kwa kichwa polepole. Ilikuwa vigumu kujua kama amepata nafuu au amepata jeraha jipya. Alifungua mkanda, ukajirudisha wenyewe kwa mlio ule wa zamani, *chwap*.

"Nina swali moja, kisha nakupa jibu la ombi lako. Usinijibu kisanii."

"Uliza."

"Siku zote zile, kwenye gari, kwa mama, kwenye ule mteremko wetu wa mazoezi. Ulikuwa unanipenda, au ulikuwa unakusanya?"

Lingejibika. Neno lilikuwa pale pale kwenye ncha ya ulimi, neno dogo, watoto wa chekechea hulisema. Lakini nyuma ya Breki kulikuwa na ukuta mweupe, na Msanii akaukumbuka, akakumbuka na jikoni, na pasi, na majigambo yake yote ya asubuhi. Akaona kwamba akilisema neno lile ataanza kulia, na akianza kulia hatamaliza kabla ya lori.

"Sikumbuki," akasema. "Ni zamani."

"Zamani."

"Ndiyo. Mambo mengi yamepita."

"Sawa." Breki akainuka. Aliikunja mikono ya shati iliyokuwa imekunjika vizuri tayari. "Basi kichukue. Nimekubali. Kipeleke miji yote unayotaka, mimi sitakisikia tena, nitakuwa huku. Waambie mwenye sauti amesema ndiyo kwa mdomo wake."

Msanii alikuwa amepata alichokiomba, tena kwa njia fupi kama alivyomwambia dada. Hata jasho halikumtoka. Alisubiri furaha ifike. Badala yake alijiona anatazama mgongo wa shati la bluu ukienda mlangoni, na akawa anahesabu mistari ya pasi kwenye mgongo ule, na akawaza kwamba kuna mtu amempigia pasi, labda mama yake, labda siye mama yake. Wazo hilo la mwisho lilimchoma mahali ambapo alikuwa amewatangazia watu kwamba pamekufa ganzi.

"Kwaheri, mama," Breki akasema mlangoni.

"Mbona mapema, baba?" Mama Tiketi akauliza. "Umesikiliza zote?"

"Zote."

"Na ile ya asubuhi?"

Msanii akageuka kama aliyeitwa na polisi. "Mama, funguo za stoo ziko wapi? Lori linakuja, tunahitaji zile blanketi..."

"Funguo ziko shingoni kwako, mwanangu."

Zilikuwepo. Akazishika.

"Ile ya asubuhi ni ipi?" Breki akauliza.

"Mama Tiketi anachanganya," Msanii akasema haraka. "Huwa napima sauti kabla ya kufungua. Ni kupima tu."

Mama Tiketi alilaza kitambaa pajani. Alikuwa mwanamke aliyekaa mlangoni pale tangu ukumbi ukiwa ghala, akawaona wasanii wakianika ndoa, maradhi na mashuka yao, na hakuwahi kuulizwa maoni na hata mmoja wao.

"Mimi hayo ya sanaa siyajui, baba. Mimi najua kwamba huyu, kila asubuhi kabla sijafungua, hunituma chai. Kila asubuhi. Anasema mama nenda kanywe chai, pumzika. Mimi na miguu hii niende wapi? Nanunua hapo kwa jirani nageuka. Namkuta kakaa kwenye kiti chako, mkanda kajifunga, simu kaishika hivi, sikioni hakuweka kitu. Kuna mwanamume analia humo."

Breki hakusogea.

"Analia, masikini, kilio cha mtu mzima. Kisha kinaanguka kitu, *paa!* Baada ya hapo sauti inakuja kwa mbali kama mtu yuko chini ya meza, na kuna mwanamke anasema. *Niko hapa. Lia tu, niko hapa. Niko hapa.* Anarudia hivyo hivyo mpaka mwisho. Na huyu wetu," akaelekeza sindano, "yule mwanamume akilia yeye hutulia tu. Huanza kulia akifika kwenye huyo mwanamke."



"Kinaanguka kitu," Breki akasema. Hakumwambia mtu. Macho yake yalikuwa kwenye chumba chenye magunia, na kwa mara ya kwanza alikitazama chumba kile akiwa ameinua kichwa na kuendelea kutazama, asiishie kwenye kitaa. Akamgeukia Msanii. "Uliiangusha."

Msanii akafungua mdomo.

"Nilipoinua kichwa ilikuwa iko chini," Breki akasema. "Ilikuwa chini, inawaka. Mimi niliona inawaka tu. Wewe ulikuwa umenishika. Ulikuwa umenishika kwa mikono yote miwili, na mtu hawezi kushika simu na mikono yote miwili imeshika mtu." Akavuta pumzi. "Kwa nini hukuniambia?"

"Ungesema nimeitunza ili nijitetee."

"Na kwa nini umeitunza?"

Alitafuta jibu la ukutani, halikuwapo. Alitafuta la jikoni, nalo lilibaki jikoni na dada na pasi yake.

"Ni hiyo tu yenye mimi ndani," akasema.

Breki aliuacha mlango. Alitazama kushoto, akatazama kulia, akageuza shingo kidogo, kisha akauvuka ukumbi mweupe akarudi, akakaa kitini, akavuta mkanda, akaufunga. Mguu wake wa kulia ulilikuta tundu la zulia, ukakaa juu yake, haukukanyaga.

"Iweke," akasema. "Na usiniambie hunayo."

"Lori linakuja."

"Litangoja. Iweke."

"Breki, mimi ile kweli ni kwa ajili ya kupima sauti, siku moja moja, nikikumbuka." Msanii alikuwa anaongea huku anatazama ukuta, ule ule aliomwahidi dada, na ukuta ulikuwa unamwona vizuri sana. "Wiki hii sidhani hata kama nimeigusa. Leo ndiyo kabisa. Leo nimefika nikafuta vumbi, nikanyoosha zulia, basi, hata sikukumbuka kama..."

"Leo mara mbili," Mama Tiketi akasema kutoka mlangoni, sindano zikiwa zimesharudi kazini. "Na hii chai yako ya pili imenipoea hapa, mimi nani nimnyweshe?"